Baba anaanza sindano za kuzima homoni (tezi dume), nesi wa huku Pemba hajawahi kuipiga. Nifanyeje?

mwana_wa_wete
Assalaam alaykum jamani, naomba msaada wa mawazo hasa kwa wale walouguza au wanaofanya kazi spitali. Baba yangu yuko kwenye miaka ya sabini, tulimpeleka Dar baada ya mkojo kumsumbua muda mrefu na mgongo kumuuma usiku halali, wakampima PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ikawa juu sana, wakamkata kinyama, jibu likaja saratani ya tezi dume na ishaingia mifupa ya kiuno na uti wa mgongo. Daktari kasema hapo ilipofika tezi haitolewi tena, atakuwa anapigwa sindano ya tumbo ya kuzima homoni ya kiume kila wiki 12, na akaandika vidonge vya bikalutamidi 50 mg kimoja kwa siku. Siku ile sindano yenyewe ilikuwa haipo tukaambiwa tutafute nje, basi kaka yangu alioko Dar kaipata, ni goserelini ya 10.8 mg, kanitumia picha, wallahi ile sindano nene mpaka nkaingia baridi.

Mzee keshachoka na boti, anataka apigwe hukuhuku Pemba. Nimekwenda kituo cha afya cha karibu na kwetu, nesi mtu mzuri na anatujua lakini kanambia kweli kuwa hii hajapata kuiona, ila nilete tu ataipiga, sindano ni sindano. Hapo ndo nkaingiwa na wasiwasi. Hivi kweli ni sawa tu au inataka mtu maalum? Na kutoka Dar mpaka Wete na joto hili itafika salama? Vidonge tunavyo ila hajaanza, tumeviweka tunasubiri sindano ifike vianze pamoja. Mzee ana presha na sukari, kila siku anameza na aspirini ile ndogo. Na Ramadhani inakaribia anauliza yeye mwenyewe kama itamfunguza. Samahani kwa maneno mengi, kichwa kimejaa.

bi_nesi_ngambo
Waalaykum salaam mwanangu, Allah amuafu mzee. Mie nimestaafu lakini sindano hii nimeipiga miaka, kwaiyo nisikilize kwa utulivu. Huyo nesi usimkasirikie, kasema ukweli na wengi hawasemi. Ila hapo kwenye "sindano ni sindano" hapana. Hii ndani yake hamna maji. Dawa iko kama punje nyembamba ya mchele, inasukumwa ikae chini ya ngozi ya tumbo iyeyuke polepole wiki zote hizo 12, ndo mana mdomo wa sindano ukawa mkubwa vile, ya 10.8 ni geji 14 (geji ni unene wa sindano, namba ikiwa ndogo ndo nene zaidi), inashinda hata ile ya kuchangia damu.

Sasa nesi aliozoea sindano za kawaida mkono wake utamtuma aisukume kidogo kutoa hewa. Hii haitolewi hewa, ukijaribu kutoa hewa unaitoa dawa yenyewe inaanguka chini na pesa yenu imekwenda. Wala haivutwi nyuma kuangalia damu kama zile za kwenye nyama, chombo chake kimetengenezwa kwamba ukitoboa mshipa mkubwa damu utaiona palepale ndani ya sindano, na ikionekana hivo inatolewa, panakandamizwa, na inatakiwa sindano mpya mahala pengine. Mpya, si ileile. Fikiri mwenyewe bei yake.

Mahala pake ni tumboni chini ya usawa wa kitovu, pembeni. Mzee alale chali kiwiliwili kimeinuliwa kidogo na mto, panafutwa na spiriti, ngozi inabanwa na vidole, sindano inaingia kwa kulala, nyuzi 30 mpaka 45, si kusimama wima, mana hatuitaki ifike kwenye msuli wala ndani ya tumbo. Kwenye ukuta wa tumbo upande huu na huu kuna mishipa ya damu inapita, kwa mtu alokonda ndo hatari zaidi, na wagonjwa wetu wa hali hii wengi wamekonda. Akishasukuma asukume mpaka mwisho kabisa pasibaki kitu, kuna kifuniko kinachoifunika sindano chenyewe ukifika mwisho. Anaeogopa maumivu anaweza kuombewa ganzi ya lignokeini kidogo kabla, si aibu, mie nilikuwa nawapa wazee wengi tu. Safari ya pili apigwe upande mwengine.

Kwa hiyo jibu langu mie: ya kwanza apigwe spitali kubwa, palipo na daktari na mtu aliowahi kuipiga. Ulizia Chake au Abdulla Mzee Mkoani kabla hamjaondoka nyumbani, nenda na picha ya boksi, uliza kwa jina la dawa "hii mnaipiga? nani anaipiga?" Na huyo nesi wenu mchukueni siku hiyo akaone, ikiwezekana. Akishaona kwa macho mara moja au mbili na kusoma karatasi ya ndani ya boksi, za mbele anaweza kuzipiga yeye hapohapo mtaani kwenu mzee akapumzika na safari.

Na hiyo aspirini umefanya vizuri kuitaja. Anaepiga lazima aambiwe. Haina maana asipigwe, ina maana pakandamizwe muda mrefu zaidi na asiondoke haraka, akae pale nusu saa hivi mumtazame. Alama ya kijani au bluu kidogo kwenye ngozi ni kawaida. Lakini tumbo likianza kuvimba, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, au kizunguzungu, jasho la baridi, pumzi fupi, hiyo ni damu inavuja ndani, mkimbizeni spitali saa hiyohiyo msisubiri asubuhi.

yakhe_wa_chake
pole sana yakhe. ami yangu yumo kwenye hizi sindano mwaka wa ngapi sasa sijui, mzima anakwenda msikitini. alianza hali mbaya habebeki, baada ya wiki chache maumivu ya mifupa yakapungua mpaka tukashangaa

mie nataka nikwambie la tarehe tu mana huku kisiwani ndo linalotuumiza. wiki 12 ni siku 84, si "miezi mitatu". ukihesabu miezi unajikuta kila safari unasogea siku kadhaa. chukua kalenda, akipigwa jumatatu basi na ya mbele ni jumatatu, andika ukutani na kwenye simu za watu wawili. na usingoje tarehe ndo ununue, upepo ukichafuka boti haziji, sikukuu maduka yanafungwa, dawa inaadimika dukani, sisi hununua mapema kabisa ikae. ikichelewa homoni inarudi kupanda na ugonjwa unapata chakula chake. ikitokea imepita usikae ukasema bas tungoje mzunguko wa mbele, apigwe haraka inavyowezekana na daktari aambiwe

alafu kuna jambo watu hawalisemi, ami aliambiwa pia kuna operesheni, wanatoa kende (au ile nyama ya ndani tu) na homoni inashuka siku hiyohiyo, mara moja umemaliza, hakuna sindano hakuna boti hakuna gharama kila mara. yeye alikataa, kasema atakufa na vyake lol, Mungu amuweke. lakini jirani yetu alifanya na yuko sawa. sikwambii mfanye, nasema mzee aelezwe achague mwenyewe akili yake ipo

shamba_la_babu
Hizo sindano zinamaliza uume wa mtu kabisa, hospitali hawakwambieni. Kuna unga wa mizizi na mbegu za maboga na asali, mwezi mmoja tezi inanywea. Njoo inbox.

mfamasia_malindi
Kwanza hapo juu: inbox usiende. Mbegu za maboga ale kama chakula hazina neno, ila unga usiojulikana ndani una nini kwa mtu anaetaka kuanza bikalutamidi, hapana, hicho kidonge chenyewe kinaweza kugusa ini na ndo mana daktari huwa anapima damu ya ini, sasa ukichanganya na mizizi likiharibika ini utajua nani alieharibu? Macho yakiwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, kichefuchefu kisichokwisha, rudi spitali. Na kuhusu uume, kweli sindano inaondoa hamu na nguvu za kiume kwa wengi, hilo si siri na daktari alitakiwa aseme wazi, lakini ndo kazi yake ileile, saratani hii inakula homoni ya kiume. Hata si elimu ya juzi, Charles Huggins kule Chicago alionyesha mwaka 1941 kwamba ukizima homoni hiyo saratani ilosambaa inanywea, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel. Inanywea lakini, haiponi kabisa, hilo nalo mlijue.

Sasa turudi kwako mwana wa Wete, kuna kitu kimoja kwenye maelezo yako kimenishtua kuliko unene wa sindano. Vidonge mmeviweka mnasubiri sindano. MPIGIE DAKTARI LEO umuulize vianze lini. Nakueleza kwa nini. Goserelini haizimi homoni palepale. Inafanya kazi kwenye tezi ndogo iliopo chini ya ubongo inayoamrisha kende zitengeneze homoni, na siku za mwanzo inaichochea kwanza, homoni inapanda juu kuliko ilivokuwa, wiki moja wiki mbili, alafu ndo tezi inachoka inanyamaza na homoni inaporomoka, kwenye wiki ya tatu au ya nne inakuwa imefika chini kabisa. Sasa kwa mzee ambae ugonjwa umo kwenye uti wa mgongo kule kupanda kwa mwanzo kunaweza kuvimbisha penye ugonjwa pakabana mshipa mkuu wa fahamu. Bikalutamidi ndo ngao ya hapo, inaziba mlango ili homoni hata ikipanda isiingie kwenye saratani. Ndo mana kwa kawaida inatangulia siku kadhaa kabla ya sindano ya mwanzo na inaendelea wiki kadhaa baada yake. Tarehe kamili aseme daktari wake lakini sindano isipigwe kabla hajaulizwa, na mkishaanza msiviache wenyewe kwa sababu kaona nafuu.

Na wote nyumbani wajue hizi dalili, hasa mwezi wa kwanza: miguu kulegea au kufa ganzi, ganzi sehemu za kukalia, mgongo kuuma ghafla zaidi, mkojo kuziba au choo kutoka bila kujijua. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku ni usiku, mtu akicheleweshwa anaweza asitembee tena. Zipo sindano nyengine kama degareliksi zinazozima moja kwa moja bila kupandisha kwanza, ile ya kuanzia hupigwa mbili kwa siku moja alafu moja kila mwezi, ila huku kwetu sijaziona nyingi, na mahala pa sindano panavimba na kuuma zaidi. Nyengine kama triptorelini na leuprorelini nyingi zake ni unga unachanganywa na maji yake na nyingi zinapigwa kwenye msuli, kwaiyo msije mkabadilishiwa dukani "hii ni sawa na ile" mkaondoka, mchanganyo tofauti, mahala tofauti, tarehe tofauti. Boksi lisome jina na kipimo alichoandika daktari.

Usafiri: goserelini inataka isizidi nyuzi joto 25, na wewe unajua Pemba mchana inakuwaje. Kaka yako aiweke kwenye deli dogo au termosi ya mdomo mpana, barafu izungushiwe kitambaa isigusane na boksi, isiwekwe frizani. Aishike mkononi, isiende kwenye mizigo ya chini ya boti, na kwenye gari isiachwe mbele kwenye kioo. Paketi ya ndani ya foili isifunguliwe mpaka mzee yuko kitandani tayari, ikifika imetoboka au imefunguka irudisheni. Kuna aina nyengine za sindano hizi zinataka friji, kwaiyo msichukue mazoea ya boksi moja mkafanyia jengine. Na anunue duka lenye leseni, apewe risiti, piga picha namba ya bachi (ile ya toleo la dawa, iko kwenye boksi) na tarehe ya kwisha. Dawa ghali ndo wanazoghushi.

ummu_ilham
Mie nimeuguza mume wangu, ngoja nimsemee mama yako kidogo mana hapa mnazungumza wanaume na manesi tu 😅 Mtakuja kumuona mzee ghafla anatoka jasho tele, uso moto, anavua kanzu katikati ya mazungumzo, alafu dakika chache kishapoa anatafuta shuka. Si homa, ni ile homoni kushuka, kama tunavyopata sisi wanawake tukifika umri. Mume wangu usiku ndo zaidi, tukaweka feni, msuli mwepesi, chai ya moto na pilipili akapunguza usiku. Uchovu pia, na hasira, mara analia peke yake mwanamme mzima, asichekwe. Na kifua kinaweza kuvimba kidogo na kuuma.

Mambo ya ndani yanakwisha au yanapungua sana, bora mama aambiwe kabla kuliko kudhani kaoa pengine au kamchoka. Sisi alituita daktari wote wawili akatueleza tukashukuru.

Sukari tulikuwa tunaipima mara kwa mara mana sindano inaipandisha na uzito unaongezeka tumboni, na baba yako anayo tayari kwaiyo msisahau. Mifupa nayo inakuwa dhaifu, tukaambiwa maziwa, dagaa wale wanaoliwa na mifupa yake, kutembea kila siku na kubeba vitu vyepesi kidogo, sigara aache kama anavuta. Lakini kwa mzee ambae ugonjwa umo mifupani muulizeni daktari abebe nini asibebe nini, asije akavunjika.

Kuhusu saumu, mashekhe wengi wanasema sindano isiyokuwa ya lishe haifunguzi, na kama nafsi yake haitulii basi ipangwe apigwe usiku au kabla ya mwezi. Kidonge cha bikalutamidi ni kimoja kwa siku, aombe kwa daktari kiwe wakati wa futari kila siku saa ileile. Ila mgonjwa kama huyu na sukari juu yake, kufunga kwenyewe kunataka ruhusa ya daktari kwanza, dini yetu haijamlazimisha. Muulizeni na shekhe wenu.

mwana_wa_wete
Jamani Allah akulipeni. Nimempigia daktari wa Dar jana baada ya kusoma ya mfamasia, kasema vidonge vianze leoleo na sindano isubiri wiki moja, na kasema tena vitaendelea mpaka tutakapoonana nae kwenye kliniki. Mzee kaanza. Chake nimeuliza, yuko nesi wa wodi anaezipiga na daktari atakuwepo, nesi wetu wa mtaani kakubali kuja kuangalia, tena kafurahi. La operesheni nimemwambia mzee taratibu akanyamaza kidogo akasema "kwanza tuone hii", basi sijasukuma.

Maswali mawili ya mwisho nisikuchosheni. Tutajuaje kama sindano inafanya kazi? Na nikiipeleka mwenyewe ile sindano ilotumika naondoka nayo au?

mfamasia_malindi
Kwa damu. PSA itarudiwa, daktari atapanga lini, inatakiwa ishuke. Na mkipata maabara inayopima testosteroni, ndo hiyo homoni ya kiume yenyewe, ni vizuri zaidi, inatakiwa iwe chini ya 50 kwa kipimo cha nanogramu kwa desilita, ikiwa juu maana yake ama tarehe zimepita ama dawa haikuingia sawasawa ama dawa yenyewe mbovu. Kama testosteroni iko chini na PSA bado inapanda hiyo habari nyengine, ugonjwa umeanza kuizoea, zipo dawa za kuongeza na daktari atasema, lakini sindano haiachwi ghafla hata hapo. Maumivu kupungua ni dalili nzuri ila usitegemee hilo peke yake. Yote yaandikeni kwenye daftari moja, tarehe, upande uliopigwa, namba ya bachi, PSA, sukari, na daftari liende na mzee kila anapokwenda.

bi_nesi_ngambo
Ilotumika inaingia sefti boksi (lile boksi la kutupia sindano) ya wodini palepale, usiichukue. Boksi la karatasi na kile kikaratasi chenye bachi ndo uondoke navyo ubandike kwenye daftari. Na siku hiyo mzee asivae suruali ya kubana kiunoni, msuli tu, na ale kabla ya kwenda mana ana sukari.

yakhe_wa_chake
mkifika chake nambie, nyumba iko karibu na spitali, mzee apumzike kwetu ile nusu saa ikishapita kabla hamjarudi wete

mwana_wa_wete
Inshaallah yakhe, nakutumia ujumbe kabla ya siku yenyewe.